Mr. Ebbo na Heshima ya Lafudhi

Lugha ni mali ya wote waisemao, bali si wote wanaopewa heshima sawa wanapoisema. Jambo hili hudhihirika madarasani hapa Kajiado, na hasa Kitengela, mji uliopokea watu wa makabila mengi kutoka Nairobi na kwingineko. Mtoto wa Kimaasai akisimama kusoma kwa sauti, huenda wenziwe wakamcheka kabla hajafika kwenye nukta ya kwanza.

Ndiyo maana yafaa tumkumbuke Abel Loshilaa Motika, msanii wa Tanzania aliyejulikana zaidi kwa jina la Mr. Ebbo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wimbo wake "Mi Mmasai" ulivuma kote Afrika Mashariki. Aliuimba kwa Kiswahili chenye lafudhi ya Kimaasai, akijivunia kabila lake na mila zake. Aliishi Tanga, akawa na studio yake, Motika Records, hadi alipofariki mwaka 2011.

Mpaka wa Namanga haukuuzuia wimbo huo. Wala si ajabu, kwani chanzo cha mpaka wenyewe ni mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1886, yaliyowagawa Wamaasai bila kuwauliza.

Wapo watakaosema kwamba Mr. Ebbo aliwafanya watu wake kichekesho. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Hata hivyo, ipo tofauti kubwa baina ya mtu anayechekesha kwa lafudhi yake mwenyewe na mtu anayeicheka lafudhi ya mwenziwe. Wa kwanza amekaribisha wageni barazani pake. Wa pili amevunja mlango.

Walimu, na tutenganishe mambo mawili. Upatanisho wa ngeli ukikosewa katika insha, kalamu nyekundu na ifanye kazi yake. Mr. Ebbo aliivunja sarufi kwa makusudi ya sanaa, na mtahini hatampokelea mwanafunzi udhuru huo. Lafudhi, lakini, si kosa la sarufi. Mswahili wa Lamu, Mluo wa Kisumu na Mkamba wa Machakos, kila mmoja ana yake. Mwanafunzi anayechekwa hunyamaza, na anayenyamaza hajifunzi kusema.

Nanyi wanafunzi, mwenzenu akisoma, sikilizeni anachosema. Kiswahili kilienea bara kwa vinywa vya wageni waliothubutu kukisema kabla hawajakimudu. Tusimnyime mtoto wa mwenyeji wa Kajiado ruhusa hiyo nyumbani kwao.