Yasmin hakumkimbia Raza kwa sababu ya Denge

Itaje Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi kwenye geto lolote la wanachuo hapa Moshono, uone ubishi wake. Wengi tuliisoma A-level, na kila mtu katoka na Yasmin wake. Wapo wanaosema hana shukrani: Bwana Raza ana duka, anamtunza, halafu yeye anaenda kumpenda Denge asiye na kitu zaidi ya siasa. Wengine, hasa wadada, wanamtetea kwamba mapenzi hayanunuliwi.

Mimi naona pande zote zimeruka kurasa. Yasmin alishamtoroka Raza huko Mombasa na kurudi Unguja kabla hajamjua Denge. Aliozwa angali binti mdogo, kwa mzee mwenye mali, bila kuulizwa. Sasa swali la "pesa au mapenzi" linatoka wapi, kama hakuwahi kupewa nafasi ya kuchagua?

Aliporudi, mjomba wake alimkataa. Aliyempokea ni Mwajuma wa Ng'ambo, Mswahili asiye na mali, na wala si ndugu. Huyu kwenye notisi zetu hupewa mistari miwili tu, jamani!

Ubishi ninaoukubali ni ule wa Denge, ambao filamu ya Amil Shivji ya 2021 imeuchochea tena: alimpenda Yasmin au aliupenda ukombozi zaidi? Leo yuko naye, kesho polisi wa mkoloni wanamsaka. Hapo hata mimi ningemshauri Yasmin afikirie mara mbili.