Saa Nane za Usiku: Namna ya Kupima Ubora wa Huduma ya Tiba Shufaa

"Mpelekeni nyumbani, akapumzike." Maneno hayo husemwa kwa sauti ya chini, mara nyingi kando ya mlango wa wodi, na ndugu wa mgonjwa huyaelewa hata kabla hayajamalizika. Mama ambaye saratani yake ya mlango wa kizazi iligunduliwa ikiwa imekwisha kuenea hurudishwa chumbani kwake, na tangu siku hiyo binti yake, ambaye hajapata kusomea uuguzi, ndiye muuguzi wake. Mchana majirani huja, uji hupikwa, dua husomwa. Usiku, ifikapo saa nane, maumivu huingia bila kubisha hodi. Hapo ndipo familia hutambua kama ilipata msaada au ilipewa jina la msaada tu.

Makala haya yamekusudiwa kumsaidia msomaji aliyefikwa na hali hiyo, au anayemshauri aliyefikwa nayo, kupambanua huduma njema na huduma duni. Swali ni gumu kuliko linavyoonekana. Hospitali ya uzazi hupimwa kwa mama na mtoto waliorudi nyumbani salama. Kliniki ya macho hupimwa kwa mzee aliyeondolewa mtoto wa jicho akaona tena. Je, huduma ambayo mgonjwa wake anatarajiwa kufariki ipimwe kwa lipi? Mgonjwa hawezi kurudi kutoa ushuhuda. Ndugu, wakiwa msibani, humshukuru kila aliyefika, nao huona si adabu kuhesabu makosa. Kwa sababu hiyo huduma duni yaweza kuendelea miaka mingi pasipo mtu wa kuilalamikia. Ubora wake hauna budi kutazamwa mgonjwa angali hai, tena kwa vigezo ambavyo familia ya kawaida inaweza kuviona kwa macho yake.

Tiba shufaa si kukata tamaa

Shirika la Afya Duniani hulieleza jukumu la tiba shufaa kuwa ni kuboresha maisha ya mgonjwa mwenye maradhi yanayotishia uhai, pamoja na familia yake, kwa kuzuia na kupunguza mateso ya mwili, ya nafsi, ya kijamii na ya kiroho. Haingoji siku za mwisho. Yaweza kuanza siku ile ugonjwa unapogunduliwa na kwenda sambamba na matibabu mengine. Wala si ya saratani peke yake. Wenye VVU, moyo ulioshindwa kazi, figo au mapafu yaliyoharibika, nao huihitaji.

Huduma hii katika sura yake ya kisasa hunasibishwa na Cicely Saunders, ambaye alikuwa muuguzi, kisha ofisa ustawi wa jamii, kisha daktari, na ambaye mwaka 1967 alifungua hospisi ya St Christopher's jijini London. Alifundisha kwamba maumivu ya mgonjwa hayakai mwilini tu: deni la ada ya watoto, ugomvi wa ndugu na hofu ya kaburi, vyote huuma. Barani Afrika, Island Hospice ilianza mwaka 1979 katika nchi iitwayo leo Zimbabwe, Nairobi Hospice mwaka 1990, na Hospice Africa Uganda mwaka 1993. Nchini Tanzania, Taasisi ya Saratani Ocean Road ya Dar es Salaam na Hospitali ya Kilutheri ya Selian ya Arusha ni miongoni mwa zilizotangulia katika kazi hii. Mwaka 2014 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulizitaka nchi zote ziiingize tiba shufaa katika mifumo yao ya afya. Hata hivyo safari ni ndefu: Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 56.8 huihitaji kila mwaka, na ni takriban asilimia 14 tu wanaoipata.

Msomaji azingatie pia kwamba hospisi, katika nchi zetu, mara nyingi si jengo lenye vitanda. Ni kikosi kidogo cha wahudumu wanaowafuata wagonjwa majumbani. Kwa hiyo rangi ya ukuta na ubao wa jina barabarani visimpumbaze mtu. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Kigezo cha kwanza: maumivu huulizwa, hupimwa, huandikwa

Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Maumivu ni ya mwenye nayo. Hayaonekani kwenye picha ya eksirei wala hayasomwi usoni. Mhudumu mwenye ujuzi huanza kwa kuuliza, kisha hupima. Njia moja iliyozoeleka Afrika ni ya vidole vya mkono: ngumi iliyofumbwa ni kutokuwa na maumivu, kidole kimoja ni maumivu madogo, na vidole vitano vilivyokunjuliwa ni maumivu yasiyostahimilika.

"Shikamoo, mama. Leo mkono wako unasemaje?"

"Marahaba, mwanangu. Jana vilikuwa vinne. Leo viwili, na nimelala."

Mazungumzo mafupi kama hayo yana thamani kuliko hotuba ndefu ya faraja. Lakini hayatoshi yakiishia hewani. Tazama kama muuguzi ameandika ile nne na ile mbili katika daftari lake, kama amebadili dawa pale vidole vilipozidi, na kama amerudi au amepiga simu kuulizia matokeo. Mtoa huduma anayefika, akampa mgonjwa pole, akaondoka bila kuuliza habari za maumivu, ameleta utu, na utu ni jambo jema, tiba hajaileta.

Kigezo cha pili: chupa ya mofini

Mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kutuliza maumivu ya saratani ambao misingi yake ingali inafuatwa: dawa itolewe kwa kinywa inapowezekana, kwa saa maalumu bila kungoja maumivu yarudi, na kwa kipimo kinachomfaa mgonjwa husika. Kwa maumivu makali dawa kuu ni mofini, ambayo kwetu hutumika zaidi ikiwa ya maji. Kwa kawaida hunywewa kila baada ya saa nne: saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane mchana, saa kumi na mbili jioni na saa nne usiku.

Hesabu hiyo inafichua jambo. Dozi inayofuata ile ya saa nne usiku ingeangukia saa nane za usiku, wakati nyumba nzima imelala. Ndiyo maana wahudumu wengi huagiza dozi ya mwisho ya siku iongezwe maradufu ili mgonjwa na mtunzaji wake wapate usingizi hadi alfajiri, isipokuwa pale daktari anapoona haifai, kwa mfano figo zikiwa dhaifu. Mtoa huduma aliyekueleza habari hiyo kabla hujauliza amekwisha kuufikiria usiku wako. Atakueleza pia kuhusu dozi ya akiba maumivu yakichomoza kabla ya saa yake, na atakupa dawa ya kulainisha choo siku ileile, maana mofini hufunga choo karibu kwa kila anayeitumia.

Mhudumu mwema hujibu hofu zenu bila kuzikejeli. Ndugu wengi huamini kwamba mofini humfanya mgonjwa kuwa mraibu au humharakishia kifo. Ikitolewa kwa kipimo sahihi kwa ajili ya maumivu na chini ya uangalizi, haifanyi hivyo. Mgonjwa aliyetulizwa hula, huzungumza na hulala.

Swali la kumuuliza mtoa huduma ni hili: dawa iliwahi kuwaishia, na ilipowaishia mlifanya nini? Swali hilo si la uchokozi. Kamisheni ya jarida la Lancet ilionyesha mwaka 2017 kwamba kati ya tani 298.5 za dawa za jamii ya mofini zilizokuwa zikisambazwa duniani kwa mwaka, nchi za kipato cha chini zilipata tani 0.1 tu. Upungufu ni halisi, lakini mipango nayo ni halisi. Uganda, kwa mfano, ilibadili kanuni zake mwaka 2004 ili wauguzi na maofisa tabibu waliopata mafunzo maalumu waweze kuandika mofini, kwa kuwa madaktari walikuwa wachache na vijiji vingi. Mtoa huduma makini atakuambia dawa huhifadhiwa wapi chini ya kufuli, nani huiandika, na chupa iliyobaki hurudishwa vipi.

Kigezo cha tatu: watu, na namba ya simu

Uliza ni nani watakaokuja. Muuguzi aliyesomea tiba shufaa ndiye mhimili, lakini nyuma yake pawe na daktari wa kumshauri, mfamasia, ofisa ustawi wa jamii, na kiongozi wa dini wa imani ya mgonjwa endapo mgonjwa mwenyewe atamtaka. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii na watu wa kujitolea ni hazina kubwa, mradi wawe wamefundishwa na wana wa kumwendea jambo likiwashinda.

Kisha uliza: saa nane za usiku nimpigie nani? Jibu zuri lina namba na lina jina. Jibu la "njooni asubuhi" laweza kuwa la kweli kwa kituo chenye watumishi wachache. Basi lifuatwe na maelekezo ya nini cha kufanya hadi asubuhi ifike. Huduma isiyo na namba wala maelekezo imewaachia usiku wote ninyi wenyewe.

Tazama pia kama mtunzaji wa nyumbani anafundishwa. Binti yule aonyeshwe kwa vitendo namna ya kumgeuza mama ili asipate vidonda vya mgandamizo, kumsafisha kinywa, na kuhudumia kidonda kinachonuka. Vidonge vya metronidazoli vilivyosagwa na kunyunyizwa kidondani kwa maelekezo ya mhudumu hupunguza harufu hiyo kwa kiasi kikubwa. Harufu ikipungua, wajukuu hurudi chumbani. Jambo hilo halimo kwenye jengo lolote la kifahari, nalo laweza kubadili mwezi mzima wa mwisho wa mtu.

Kigezo cha nne: ukweli na heshima

Katika familia zetu habari nzito hupitia kwa wakubwa kwanza, na mara nyingi ndugu humwomba mhudumu amfiche mgonjwa. Mhudumu hodari hawagombezi ndugu, wala hasemi uongo. Humuuliza mgonjwa mwenyewe angependa kujua kiasi gani, na angependa nani awepo. Mgonjwa anayejua hali yake hupata nafasi ya kuandika wosia, kuomba na kutoa msamaha, kueleza anataka kuzikwa wapi na watoto walelewe na nani. Aliyefichwa huondoka na maneno yake moyoni.

Gharama nazo ni sehemu ya ukweli. Zielezwe mapema: kipi ni bure, kipi kinalipiwa na kiasi gani. Jihadhari na mtu yeyote anayeahidi uponyaji kwa malipo ya awali, anayewakataza kuwasiliana na hospitali, au anayemfungia mgonjwa mbali na ndugu zake.

Kupima kwa namba

Watoa huduma walio makini hujipima wenyewe. Chama cha Tiba Shufaa cha Afrika kilitengeneza kipimo chenye maswali 10 tu: saba huulizwa mgonjwa na matatu huulizwa anayemtunza. Mgonjwa huulizwa habari za maumivu, dalili nyingine, wasiwasi, nafasi ya kueleza yaliyo moyoni, kuona maisha yana thamani, amani ya nafsi, na msaada wa kupanga mambo ya familia. Mtunzaji huulizwa kama amepewa taarifa za kutosha, kama anajiamini katika kutunza, na kama ana wasiwasi. Kila jibu hupewa alama kuanzia 0 hadi 5. Maswali yakirudiwa kila baada ya muda, huonekana wazi kama hali inapanda au inashuka. Muulize mtoa huduma kama anatumia kipimo hiki au kinginecho, na matokeo yake huyafanyia nini. Asiyepima chochote hana namna ya kujua kama anasaidia.

Baada ya mazishi

Kazi njema haikomi kaburini. Siku matanga yanapoanuliwa na jamaa kutawanyika, binti hubaki na kitanda kitupu na swali: je, nilifanya inavyopasa? Mhudumu anayerudi siku hizo, akaketi mkekani na kusikiliza, anatimiza sehemu ya tiba ambayo wengi huisahau.

Msomaji asikate tamaa iwapo hakuna mtoa huduma karibu anayetimiza yote haya. Wengi hufanya kazi katika uhaba, na swali lililoulizwa kwa heshima humsaidia hata mhudumu kudai dawa na watumishi kutoka kwa wakubwa wake. Lakini yaulizwe mapema, wakati mgonjwa angali na nguvu za kujibu mwenyewe. Na mkipata nafasi ya kuuliza swali moja tu, ulizeni habari za saa nane za usiku: nani atapokea simu, dawa iko wapi, na mama ataweza kulala?