Je, Wajua Kompyuta Hulinganishaje Rasimu Mbili?

Chukua sentensi hii ya rasimu: "Mjumbe atalipwa posho ya kikao." Katika toleo la pili imekuwa: "Mjumbe hatalipwa posho ya kikao." Imeongezeka herufi moja tu, na posho imeyeyuka. Msomaji mwenye kurasa mia mbele yake anaweza kuipita h hiyo asiione. Programu ya kulinganisha haiipiti, ila nayo haijui kwamba ina uzito wowote. Kwake, h hiyo na nafasi tupu iliyozidi mwishoni mwa aya ni tofauti mbili zilizo sawa.

Programu maarufu kuliko zote katika kazi hii inaitwa diff. Ilizaliwa Bell Labs, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970 mikononi mwa Douglas McIlroy, ikatolewa pamoja na toleo la tano la mfumo wa uendeshaji wa Unix mwaka 1974. Miaka miwili baadaye McIlroy na James Hunt walichapisha maelezo ya hesabu yake. Wengi hudhani inasaka kilichobadilika, kumbe husaka kisichobadilika: mfuatano mrefu kuliko yote wa mistari iliyomo katika matoleo yote mawili kwa mpangilio uleule. Ikishaupata, mstari wa zamani uliobaki nje unahesabiwa umefutwa, na mpya uliobaki nje umeongezwa. Mwaka 1986 Eugene Myers alionyesha njia ya kufanya hivyo haraka pale matoleo yanapokaribiana sana, na ndiyo Git, programu ya kutunza matoleo ya faili, huitumia mpaka leo isipoambiwa vinginevyo. (Myers huyohuyo baadaye alihamia kwenye jenomu ya binadamu, ambako nako kazi ni kulinganisha mifuatano ya herufi, tena mirefu ya kutisha.)

Kwa hiyo programu haikusimulii mwandishi alifanya nini. Inakupa maelezo mafupi ya jinsi toleo la kwanza lingeweza kugeuka la pili. Ukihamisha aya kutoka mwanzo wa waraka hadi mwisho, itasema umefuta aya moja na kuandika nyingine. Kwa hesabu yake, haijakosea.

Barua ya kawaida inavumilia hayo. Waraka wenye muundo hauvumilii. Sheria ina sehemu, ndani ya sehemu mna vifungu, ndani ya vifungu mna vifungu vidogo, na kompyuta huuona mpangilio huo kuwa mti wenye matawi. Hata faili la docx ni furushi la zip: lifungue, utakuta XML, yaani maandishi yaliyozungushiwa alama za kuonyesha aya inaanzia wapi na kuishia wapi. Sifa zilizo ndani ya alama hizo zikibadilishana nafasi, maana haibadiliki. Lakini programu ya kulinganisha mistari itapiga kelele kwamba waraka mzima umeandikwa upya, ilhali hakuna neno lililoguswa.

Dawa ni kulinganisha mti kwa mti. Kuo-Chung Tai alionyesha namna mwaka 1979, na Kaizhong Zhang na Dennis Shasha wakaiharakisha mwaka 1989. Matawi yakiwa hayana mpangilio maalumu, tatizo huingia katika kundi ambalo hakuna anayejua njia ya haraka ya kulitatua kikamilifu. Programu za vitendo basi hutumia ujanja. XyDiff, iliyobuniwa katika taasisi ya utafiti ya INRIA nchini Ufaransa, hulipatia kila tawi namba inayokokotolewa kutokana na yaliyomo. Tawi lenye namba ileile likionekana mahali pengine, limehama, halikufutwa.

Wanasheria walikutana na taabu ya vifungu kuhama kabla ya kompyuta. Ukiingiza kifungu kipya baada ya cha 4, vyote vinavyofuata hubadilika namba, na kila mahali palipotaja kifungu cha 9 panapotosha. Ndiyo maana kuna vifungu vya 4A. Muswada wa marekebisho nao hauleti sheria nzima, bali huagiza: futa maneno haya, weka haya badala yake. Jedwali la Marekebisho linalogawiwa bungeni Dodoma ni diff iliyoandikwa kwa mkono wa binadamu. Akoma Ntoso, muundo wa XML uliotokana na mpango wa Umoja wa Mataifa kwa mabunge ya Afrika na kuidhinishwa na shirika la viwango la OASIS mwaka 2018, hukipa kila kifungu kitambulisho chake, hivyo programu haina haja ya kubahatisha kipi ni kipi.

Kwangu mimi, hata hivyo, kuonyesha tofauti ni kugumu kuliko kuipata. Kiswahili hubebesha neno moja mtenda, wakati na mtendwa. "Waliompelekea" likiwa "watakaompelekea", je, upake rangi neno zima au herufi zilizobadilika tu? Herufi ni sahihi zaidi, lakini jicho huzipoteza. Katika sheria ningepaka neno zima.

Halafu rangi zenyewe. Nyekundu kwa kilichofutwa na kijani kwa kilichoongezwa ni desturi iliyoenea, lakini wapo wasiozitofautisha, na mashine ya fotokopi huzigeuza zote kijivu. HTML 4.0 ya mwaka 1997, lugha ya kurasa za wavuti, ilikuwa na alama mbili za kazi hii, del na ins. Kwa kawaida vivinjari huionyesha ya kwanza kwa mstari wa kukata na ya pili kwa mstari chini ya maneno, na mistari hiyo hutoka kwenye fotokopi jinsi ilivyoingia.