Usimwache Fundi Atupe Pedi za Zamani

Gurudumu la mbele likishatolewa na pedi za breki zikachomolewa, mafundi wengi wa mtaani huzirusha zile za zamani kwenye debe la taka kabla mwenye gari hajazitia machoni. Wazuie. Pedi nne zilizotoka kwenye magurudumu mawili ya mbele, ukizipanga chini kama zilivyokuwa zimekaa, kulia kwa kulia na kushoto kwa kushoto, zitakueleza hali ya breki zako kuliko muuza spea yeyote.

Tuchukue Toyota Corolla ya miaka ya tisini, gari ambalo halijaisha barabarani Dar es Salaam wala halielekei kuisha. Kenya imeweka ukomo wa miaka minane kwa magari ya mtumba yanayoingia nchini. Tanzania huyapokea ya zamani zaidi na kuyatoza ushuru wa uchakavu, kwa hiyo sisi ndio wenye magari ya kuhangaika nayo. Kila gurudumu la mbele la Corolla hiyo lina pedi mbili zinazoibana diski. Ya ndani inasukumwa na pistoni. Ya nje haina pistoni ya kuisukuma, inategemea kalipa. Kalipa yenyewe haijakazwa ikatulia. Imekaa juu ya pini mbili ili iweze kuteleza. Ukikanyaga breki, pistoni inaipeleka pedi ya ndani kwenye diski, na nguvu ileile inairudisha kalipa nyuma, nayo inaivuta pedi ya nje mpaka iume upande wake.

Mchezo wote uko kwenye kuteleza huko. Pini zikishika kutu, au grisi yake ikikauka ikawa kama lami, kalipa inagoma. Pedi ya ndani inabeba kazi peke yake na kuisha, ya nje inabaki nene kana kwamba imenunuliwa juzi. Ukiona tofauti ya namna hiyo, ujue ugonjwa hauko kwenye pedi, na pedi mpya, hata ingetoka kiwandani kwa Toyota leo asubuhi, itakwenda njia ileile. Pedi iliyolika kimshazari, nene huku na nyembamba kule, mara nyingi inasema pini moja inateleza na mwenzake imekwama. Zikiwa zimeisha zote mbili za gurudumu moja huku za gurudumu la pili bado zina nyama, shuku pistoni isiyorudi, au ule mpira wa breki ambao kwa uzee umevimba kwa ndani: oili inapita kwa nguvu ya mguu lakini kurudi haitaki. Gari la aina hiyo huvutia upande mmoja ukifunga breki, na rimu moja huwa ya moto kuliko nyingine baada ya safari fupi. Ipitishie mkono kwa mbali, usiishike.

Haya yote yanajulikana gereji. Tatizo ni kwamba mwenye gari anamaliza ubishi wake wote dukani, na akifika kwa fundi anakaa pembeni na simu yake.

Dukani, yaani Gerezani na Kariakoo, swali la kwanza ni lilelile: “Bosi, nikupe jenuini au ya kawaida?” Kabla ya kulijibu, toa namba ya chesisi. Corolla mbili zinazofanana kwa sura zinaweza kuwa na kalipa tofauti, na jina la gari pekee halitoshi. Pedi za mbele za Toyota huwa na namba ya kipuri inayoanza na 04465, za nyuma 04466, na breki shuu za nyuma, zile za kwenye dramu, 04495. Tarakimu zinazofuata ndizo zinazotenganisha modeli. Halafu nenda na pedi yako ya zamani mfukoni, uilaze juu ya mpya, mgongo kwa mgongo. Masikio ya bati la nyuma yakizidi hata kidogo, fundi atalazimika kuyapiga tupa, na pedi iliyopigwa tupa kwa kukisia ama itacheza au itakwama.

Kuhusu jenuini, boksi lenye nembo ya Toyota ndilo linaloigwa kuliko yote, kwa hiyo boksi halithibitishi kitu. Itazame pedi yenyewe. Je, nyenzo ya msuguano imeshikana na bati pande zote, au kuna ufa unaopitisha ukucha? Maandishi yamechapwa kwenye pedi, au kuna stika tu? Kwenye ukingo au mgongoni mara nyingi hukuta herufi mbili zinazofuatana, kama FF au GG. Ni kipimo cha msuguano: E ni 0.25 hadi 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, G ni 0.45 hadi 0.55. Herufi ya kwanza ni pedi ikiwa na joto la kawaida, ya pili ikiwa imechemka. Pedi yenye FE, basi, inalegea ikipata moto. Pedi zilizotengenezwa kwa soko la Ulaya huwa pia na herufi E ndani ya duara pamoja na namba ya nchi, 1 kwa Ujerumani, 4 kwa Uholanzi, 11 kwa Uingereza, na kanuni iitwayo R90 inazitaka zisipishane na pedi asilia ya gari kwa zaidi ya asilimia 15. Alama zote hizo zinaweza kughushiwa. Lakini anayeghushi kwa haraka huishia kwenye boksi, na kukosekana kwa alama yoyote kwenye pedi ni sababu tosha ya kuirudisha kaunta.

Pedi zimetoka mbali. Inasimuliwa kuwa Mwingereza Herbert Frood, aliyeanzisha kampuni ya Ferodo mwaka 1897, aliwaona wakulima wa Derbyshire wakipigilia viatu vikuukuu kwenye breki za mikokoteni yao, ndipo akapata wazo la kutengeneza kitu bora zaidi. Baadaye ikaja asbesto, na kwa miongo mingi ndiyo iliyotawala kwa sababu haiogopi moto. Uingereza iliipiga marufuku mwaka 1999, Japani mwaka 2006, kwa kuwa nyuzi zake zikivutwa husababisha saratani. Kwa macho huwezi kujua kama pedi ya zamani isiyo na jina ina asbesto au haina, hivyo ile desturi ya kupuliza vumbi la breki kwa kompresa, fundi akiwa amechuchumaa usawa wa pua, ni ya kukomeshwa. Maji na kitambaa vinatosha.

Leo kuna makundi matatu makubwa. Pedi za nyenzo laini zisizo na chuma kingi ni kimya na hazili diski, ila huisha mapema. Zenye chuma hustahimili joto, hupiga kelele na hula diski. Za seramiki ni safi, zinadumu, na bei yake ni ya juu. Kwa gari la zamani la mtu anayekwenda kazini na kurudi, msimamo wangu ni pedi laini ya kampuni inayojulikana, bei ya kati. Seramiki kwenye Corolla ya umri huo ni kumfurahisha muuzaji. Kama unashusha Kitonga mara kwa mara, au unakaa Lushoto na kila wiki unateremka hadi Mombo na mizigo, hapo zenye chuma zina haki yake. Hata hivyo, kwenye miteremko hiyo gia ndogo inaokoa breki kuliko pedi yoyote.

Sasa kazi yenyewe. Gari likae juu ya stendi, si jeki tupu, magurudumu ya nyuma yakiwekewa vigingi. Fundi amalize upande mmoja kabla ya kufungua wa pili, ili akisahau kibati kilikaa vipi awe na mfano wa kutazama. Kalipa ikishafunguliwa ifungwe na waya kwenye springi. Kuiacha ining’inie kwa mpira wake ni kuumaliza mpira huo. Kisha ndipo ile hatua inayorukwa: pini zivuliwe zote mbili, zifutwe mpaka ziwe nyeupe, zipakwe grisi maalumu ya breki isiyodhuru mpira. Grisi ya beringi haifai, huvimbisha vile vifuniko vya mpira na pini hukwama upya. Petroli ya kuoshea nayo ikae mbali na mpira wowote. Pini iliyochimbika kwa kutu ibadilishwe, wala si kipuri cha kukufilisi.

Diski ipimwe. Unene wa mwisho unaoruhusiwa kwa kawaida umechongwa kwenye diski yenyewe, baada ya herufi MIN. Ikiwa na mifereji lakini bado nene, itakerezwa kwenye mashine. Ikiwa imefika ukomo, kuikereza ni kuimaliza. Pedi yenyewe haisubiri iguse chuma. Ikibaki milimita 3 za nyenzo anza kutafuta nyingine, kwani mpya nyingi huanzia 10 hivi.

Wakati pistoni inarudishwa ndani, oili hupanda kwenye kikopo chake na inaweza kumwagika. Ikigusa rangi ya gari inaibabua. Itazame ina rangi gani. Oili ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na katika mji wa pwani kazi hiyo haiishi: DOT 3 mpya huchemka kwenye nyuzi 205 au zaidi, ikishanyonya maji kipimo chake kinashuka hadi 140. Iliyokuwa nyeusi imwagwe yote na upepo utolewe.

Gari likishashushwa, breki ipampuliwe kabla injini haijawashwa, mpaka pedali iwe ngumu. Pistoni zimesukumwa mbali na diski. Mkanyago wa kwanza utazama hadi chini bila kushika kitu. Gari lililorudishwa rivasi haraka likagonga ukuta wa gereji kwa sababu hii si hadithi ngeni kwa fundi yeyote.

Siku za mwanzo usifunge breki za kushtukiza ukiweza kuziepuka. Tafuta barabara tulivu, toka kasi ya 50 mpaka 10 taratibu, mara kadhaa, ukiacha diski ipoe katikati, ili pedi izoeane na uso wa diski. Kelele ndogo wakati huo si ya kutisha. Ikiendelea, fundi atakuambia avue pedi azisugue kwenye saruji. Kelele itapotea wiki moja na kurudi, maana kilichoileta ni vile vibati vyembamba vya nyuma ya pedi alivyovitupa, au pini kavu.

Na hapa lazima tumtetee fundi kidogo. Malipo ya kubadili pedi ni madogo kiasi kwamba anayevua pini, kupima diski na kukagua mpira anafanya kazi ya bure, huku gari la pili likisubiri nyuma. Kwa hiyo mpatane mwanzo kabisa, kabla jeki haijawekwa: mwambie unataka pini zivuliwe, pedi za zamani zipangwe chini uzione, na muda huo utaulipia. Akikujibu kwamba pini za gari hili hazivuliwi, bado lina magurudumu yote manne. Liwashe uende kwa mwingine.