WATOTO NA ULINZI WA BUSTANI ZA NYUMBANI



Katika vitongoji vya pembezoni mwa Dar es Salaam, kama Bunju na Mabwepande upande wa Kinondoni, au Mbagala na Chamazi upande wa Temeke, kaya nyingi hulima mchicha, matembele, bamia na nyanya chungu uani. Bustani hizo huhudumiwa na watu wote wa nyumbani, watoto wakiwamo. Jambo hilo si geni. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alitaka shule ziwe na mashamba, ili mtoto ajifunze kwa kutenda. Kwa hiyo hatuulizi kama mtoto asaidie, bali asaidie kazi ipi.

Kazi ya kwanza ni ukaguzi. Wadudu waharibifu hushindwa kwa urahisi wakigunduliwa mapema, nao wengi hutaga mayai upande wa chini wa jani. Mtoto wa miaka saba, ambaye macho yake yako karibu na mmea, huyaona upesi kuliko mtu mzima aliyesimama. Afundishwe kugeuza majani asubuhi kabla ya jua kali, kuokota viwavi na kuwatia katika kopo lenye maji ya sabuni, au kuwapa kuku. Akiona mche umekatwa shinani, afukue udongo kidogo kwa kijiti, kwani sota hujificha hapo mchana. Kwa konokono, gunia lililoloweshwa litandazwe jioni. Asubuhi watakutwa chini yake. Waondolewe kwa kijiti, si kwa mkono mtupu.

Aidha, mtoto ajue wa kuwaacha. Viwavi wenye manyoya wasiguswe, maana huwasha. Mdudu kobe, yule mdogo mwekundu mwenye madoa meusi, asiuawe, kwa sababu hula vidukari.

Idadi ya viwavi iandikwe katika daftari kila siku. Ikipanda siku tatu mfululizo, mzazi atajua kuwa hatari imeingia, na mtoto atakuwa amejifunza faida ya kumbukumbu. Hata hivyo, haifai kumlipa kwa idadi: anayelipwa hivyo huweza kuleta viwavi wa bustani ya jirani!

Kazi ya pili ni usafi wa ua. Dar es Salaam ilikumbwa na mlipuko wa homa ya dengi mwaka 2014, na tena mwaka 2019. Mbu aenezaye ugonjwa huo hutaga katika maji yaliyotuama ndani ya makopo, vifuu na matairi, na yai huweza kuwa mbu kamili kwa muda wa siku saba hadi kumi. Watoto wakivimwaga na kuvifunika vyombo hivyo mara moja kila wiki, mbu hao hukatizwa kabla hawajaruka.

Sasa tufike kwenye mpaka usiovukwa. Mtoto asishike bomba la kunyunyizia, asichanganye dawa, asioshe vifaa vyake, wala asitumwe kuinunua. Sumu huingia kwa ngozi, kwa pumzi na kwa kinywa, na kiasi kile kile humdhuru zaidi mwenye mwili mdogo. Hatari kubwa kuliko zote ni dawa iliyomiminwa katika chupa ya soda: mtoto mwenye kiu hawezi kuitofautisha. Siku ya kunyunyizia, watoto wakae mbali. Na mboga zisichumwe mpaka siku zilizoandikwa kwenye kibandiko zipite.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa kuajiriwa, tena kwa kazi nyepesi isiyomdhuru wala kumzuia kwenda shule, na inakataza kazi za hatari kwa watoto. Kazi za nyumbani nazo zipimwe kwa mizani hiyo hiyo.

Kamati za vyama zinashauriwa kutekeleza haya: dawa iuzwe katika chombo chake cha asili chenye kibandiko, isiuzwe kwa mtoto, hata akija na barua ya mzazi, na ghala lifungwe kwa kufuli. Vilevile, suala hili liwekwe katika ajenda ya mkutano mkuu ujao, ili kila mwanachama alielewe.

Udongo uwahi ungali maji. Mtoto afundishwe kulinda bustani, nasi wakubwa tumlinde yeye.