Nondo Kiziwi Anayemkwepa Popo

Mvua zinapoanza, taa za nyumba zilizo karibu na misitu ya Afrika huvuta mgeni mkubwa ambaye wengi humdhani popo. Huyo ni nondo. Wanasayansi humwita Bunaea alcinoe, na anaishi sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara, zikiwemo Tanzania, Kenya na Kongo.

Kumtambua si kazi ngumu. Mabawa yake yakitandazwa huweza kufikia sentimita 16, nayo ni ya kahawia au mekundu ya kutu. Kila bawa la mbele lina kidirisha kipitishacho mwanga. La nyuma lina doa la rangi ya chungwa lenye pete nyeusi na nyeupe, mithili ya jicho. Dume ana vipapasio vipana vyenye vinyweleo, ambavyo hunasa harufu ya jike aliye mbali.

Nondo wengi wana masikio ya kusikia mlio wa popo. Huyu hana, kinga yake imo mabawani. Mwaka 2018, watafiti wa Chuo Kikuu cha Bristol, Uingereza, walichunguza gamba moja tu la bawa lake, dogo kuliko milimita moja. Waligundua kwamba linatikisika kwa masafa matatu, kati ya kilohezi 28 na 153 hivi, yaliyo ndani ya masafa ya sauti za popo mwindaji. Mtikisiko huo humeza sehemu ya sauti, na mwangwi unaomrudia popo hudhoofika.

Nondo mzima hali chochote, kwa kuwa mdomo wake haufanyi kazi. Huishi siku chache kwa mafuta aliyoyaweka mwilini alipokuwa kiwavi mweusi mwenye miiba myeupe au ya manjano, akila majani ya miti kama Cussonia na Bauhinia. Akishiba, kiwavi hushuka mtini na kujizika ardhini, ambako hugeuka pupa bila kifuko cha hariri. Nchini Kongo, viwavi hawa pia ni kitoweo.

Basi ukiwakuta mtini, usikimbilie dawa. Miiba yao inatisha lakini haiwashi, na mti ulioliwa majani kwa kawaida huchipua tena. Kiwavi anayepuliziwa sumu leo ndiye nondo tutakayemkosa msimu ujao.