Sauti Moja Kutandazwa Pande Mbili
Nakala na iwe nakala, asili ibaki asili

Askari aliyewahi kufanya doria usiku katika miteremko ya Rwenzori anaijua thamani ya kuwa na masikio mawili. Kijiti kikivunjika upande wa kushoto, sauti hulifikia sikio la kushoto kwanza, kisha la kulia. Tofauti hiyo ya muda haitimii hata sehemu moja ya elfu ya sekunde, lakini ubongo huipima na kumwamuru ageukie wapi. Kabla ya kuvumbuliwa rada, majeshi yaliitegemea kanuni hiyo hiyo: askari alisikiliza kwa pembe mbili kubwa, moja kwa kila sikio, apate kujua ndege za adui zinatokea upande gani.

Muziki wa stirio nao umejengwa juu ya msingi huo. Mhandisi Mwingereza Alan Blumlein aliomba hataza ya uvumbuzi wake wa stirio mwaka 1931. Yeye mwenyewe alifariki tarehe 7 Juni 1942, ndege ilipoanguka akiwa katika majaribio ya rada ya kivita. Stirio hubeba mikondo miwili ya sauti, wa kushoto na wa kulia. Mono hubeba mmoja tu.

Jambo hili linatuhusu hapa Kasese na Bwera. Wakonzo wana endara, marimba kubwa ambayo vipande vyake vya mbao hulazwa juu ya vigogo vya migomba na kupigwa na watu kadhaa kwa pamoja. Wana pia eluma, filimbi ambazo kila moja hutoa noti yake, hata wimbo ukapita kutoka kwa mpigaji mmoja hadi mwingine. Ni muziki wenye upana. Mwaka 1952 Hugh Tracey alirekodi muziki wa Wanande, ndugu zao Wakonzo walio ng'ambo ya mpaka wa Mpondwe. Rekodi zake za safari hiyo ni za mono. Je, upana ule waweza kurudishwa leo?

Ziko njia kadhaa. Ya kwanza ni kugawa sauti: nzito zipelekwe kushoto, nyembamba kulia. Ya pili ni kuuchelewesha mkondo mmoja kwa milisekunde 10 hadi 30, yaani elfu za sekunde. Sikio halisikii mwangwi, bali husikia sauti iliyopanuka, ingawa huelemea upande uliotangulia. Kuanzia mwaka 1961 kampuni ya Capitol ya Marekani ilizichanganya mbinu hizi mbili katika santuri ilizoziita Duophonic, ili kuwauzia wenye gramafoni za stirio nyimbo zake za zamani. Wasikilizaji wengi waliziona ni sauti zilizoharibiwa.

Kasoro hujitokeza zaidi mikondo miwili inaporudishwa kuwa mmoja, kama ilivyo katika redio ya mkononi yenye spika moja. Hapo sauti iliyocheleweshwa hugongana na ya asili. Noti nyingine huimarishana, nyingine huuana, na muziki husikika kama unatoka ndani ya pipa. Holger Lauridsen wa redio ya Denmark alionyesha njia bora mwaka 1954. Upande mmoja sauti iliyocheleweshwa hujumlishwa na ya asili. Upande wa pili hutolewa. Pande hizo zikiunganishwa, nyongeza hujifuta yenyewe na asili hubaki salama. Basi kila anayefanya kazi hii na aisikilize kwanza katika spika moja.

Siku hizi kompyuta zimefundishwa kutenganisha ala zilizorekodiwa pamoja. Mwaka 2022 santuri ya Beatles iitwayo Revolver, ya mwaka 1966, ilitolewa upya kwa msaada wa mbinu hiyo. Hata hivyo, kompyuta ikishaitenga filimbi, haijui mpigaji alisimama wapi. Mahali pake huchaguliwa na fundi. Rekodi ya mono haikuhifadhi habari hiyo, na kisichorekodiwa hakiwezi kukumbukwa na mashine.

Polisi ataelewa upesi. Shahidi aliyesikia mlio wa risasi bila kujua ulikotoka hawezi kuandikiwa kwamba ulitoka mashariki, hata kama maelezo yangependeza zaidi. Na kielelezo hakipakwi rangi kabla ya kufikishwa mahakamani.

Kwa hiyo, wenye kanda za zamani za wazee wetu na wazingatie mambo matatu. Asili ihifadhiwe bila kuguswa. Kazi ifanywe juu ya nakala. Nakala iandikwe waziwazi kwamba upana wake umetengenezwa, na kwa njia gani. Kufurahisha masikio si kosa. Kosa ni kumwachia mjukuu nakala iliyopambwa peke yake, akaamini kwamba hivyo ndivyo babu zake walivyosimama kuizunguka endara.